Kumchagua Mtaalamu wa Usikivu: Kipimo Kwanza, Kifaa Baadaye

Upungufu wa kusikia huja kimyakimya, na mara nyingi mwenye tatizo huwa wa mwisho kulitambua. Majirani huona kwamba redio inafunguliwa kwa sauti kubwa kupita kiasi, wajukuu huchoka kurudia maneno, na mwalimu huandika katika ripoti ya shule kwamba mtoto ni mkaidi au mzembe. Ndipo familia huanza kutafuta msaada, na ndipo makosa mengi hufanyika. Wapo wanaonunua kifaa kabla ya sikio kupimwa, wapo wanaotia mafuta ya moto sikioni, na wapo wanaokata tamaa wakiamini kwamba kutosikia ni sehemu ya uzee na hakuna la kufanya.

Tatizo lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na takriban asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto, shirika hilo linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na sababu zinazozuilika. Kwa hiyo mkazi anayechukua hatua mapema, na kumwendea mtu sahihi, ana nafasi nzuri ya kunufaika.

Somo hili linaeleza namna ya kumtambua mtaalamu wa usikivu anayefaa, hatua za kumfikia, na maswali ya kumuuliza kabla ya kulipa fedha. Linasimama juu ya kanuni moja: mtaalamu wa kweli hupima kabla ya kupendekeza kifaa, na hubaki na mgonjwa wake baada ya kifaa kutolewa.

Mahali sikio linapokwama

Sauti husafiri katika sehemu tatu. Sikio la nje huikusanya na kuipeleka hadi kwenye kiwambo. Sikio la kati, lenye vifupa vitatu vidogo, hupokea mtikisiko wa kiwambo na kuupitisha ndani. Sikio la ndani, ambamo imo koklea, hugeuza mtikisiko huo kuwa taarifa inayosafiri kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo.

Kikwazo kikiwa katika sikio la nje au la kati, kama vile nta iliyoziba, usaha, au kiwambo kilichotoboka, mara nyingi tatizo hutibika kwa kusafisha, kwa dawa au kwa upasuaji. Uharibifu ukiwa katika koklea au katika neva, kwa kawaida hauponi kwa dawa, na msaada mkubwa hutokana na kifaa cha kusaidia kusikia, mafunzo ya mawasiliano, au kwa baadhi ya wagonjwa, upandikizaji. Wapo pia wenye matatizo ya aina zote mbili kwa wakati mmoja.

Tofauti hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutonunua kifaa kwa kubahatisha. Mtu ambaye sikio lake limezibwa na nta hahitaji kifaa. Anahitaji kusafishwa sikio na mhudumu mwenye ujuzi. Mtu anayetokwa usaha akiziba sikio kwa kifaa bila kutibiwa, anaweza kuuzidisha ugonjwa.

Nani ni nani katika huduma za masikio

Wananchi wengi humwita kila anayeshughulika na masikio «daktari wa masikio». Kwa kweli kazi hizo zimegawanyika.

Tabibu au daktari wa zahanati na kituo cha afya ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Huangalia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa, hutibu maambukizi ya kawaida na huandika rufaa.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hutibu magonjwa ya viungo hivyo, hufanya upasuaji na huchunguza chanzo cha tatizo.

Mtaalamu wa usikivu hupima kiwango na aina ya upungufu, hupendekeza kifaa kinachofaa, hukirekebisha kulingana na vipimo, na humfundisha mgonjwa pamoja na familia yake namna ya kukitumia.

Mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha humsaidia mtoto au mtu mzima kujenga au kurejesha mazungumzo.

Muuzaji wa vifaa ni mfanyabiashara. Huenda akawa mwaminifu na mwenye bidhaa nzuri, lakini kuuza kifaa hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kupima. Pengine mtu mmoja atafanya kazi zote mbili, na hilo si kosa, mradi awe na sifa za upimaji na asiruke hatua yoyote.

Mahali pa kuanzia

Mkazi wa Mbagala, Tandika, Yombo Vituka au Keko hana sababu ya kwenda moja kwa moja Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mfumo wa afya nchini umejengwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya taifa. Anayeanza ngazi ya chini hupata tiba ya matatizo madogo karibu na nyumbani na kwa gharama nafuu. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, hupewa barua ya rufaa. Kwa wakazi wa Temeke ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na kwa wakazi wa Kinondoni ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala. Kabla ya kufunga safari, inafaa kuulizia mapokezi siku za kliniki ya masikio, pua na koo, kwa sababu kliniki za kibingwa huwa na ratiba zake.

Muhimbili hupokea wagonjwa wenye matatizo makubwa zaidi. Mwaka 2017 hospitali hiyo ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio kwa watoto waliozaliwa au kubaki bila usikivu, huduma ambayo kabla ya hapo Watanzania waliifuata nje ya nchi.

Zipo hali ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Mgonjwa awahishwe hospitalini mara moja iwapo:

1. Usikivu umepotea ghafla, katika sikio moja au yote mawili, ndani ya saa au siku chache. Matibabu huleta matumaini zaidi yanapoanza mapema.
2. Kuna uvimbe au maumivu nyuma ya sikio pamoja na homa.
3. Upande mmoja wa uso umelegea, au kizunguzungu kikali kimeandamana na kutosikia.
4. Mtoto ameingiza betri ndogo ya duara sikioni au puani. Betri hiyo huunguza nyama za mwili kwa muda mfupi.
5. Damu au majimaji yanatoka sikioni baada ya kipigo, ajali au mlipuko.

Wakazi wa Mbagala wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 2009, maghala ya silaha yalipolipuka, na majirani zao wa Gongo la Mboto wanaukumbuka Februari 2011. Mlipuko mkubwa unaweza kutoboa kiwambo cha sikio na kuharibu koklea kwa pamoja. Yeyote ambaye masikio yake yalibaki na mvumo au uzito tangu siku hizo, na hajawahi kupimwa, bado ana sababu ya kwenda kupimwa hata sasa.

Alama sita za mtaalamu anayefaa

Kwanza, amesajiliwa. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inasimamia usajili na leseni za watoa huduma. Mkazi ana haki ya kumuuliza mtoa huduma kwa adabu: «Naomba kuona leseni yako.» Mtu mwenye leseni hai hakasirishwi na swali hilo. Kituo binafsi nacho kinapaswa kuwa na cheti cha usajili, ambacho kwa kawaida hutundikwa mahali panapoonekana. Mwenye mashaka anaweza kuuliza Baraza la Madaktari Tanganyika au ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa.

Pili, huuliza kabla ya kugusa. Mtaalamu mzuri hutaka kujua tatizo lilianza lini, kazi ya mgonjwa ni ipi, kama kuna historia ya uziwi katika ukoo, na dawa alizowahi kutumia. Dawa kadhaa, zikiwemo gentamaisini na kwinini, zinaweza kuathiri usikivu. (Mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu hiyo; amweleze daktari wake.) Huuliza pia mgonjwa anataka kusikia nini: mahubiri, adhana, simu, wateja sokoni, au sauti ya mjukuu. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kifaa kinachohitajika.

Tatu, hupima mahali penye utulivu. Kipimo cha msingi hufanyika katika chumba kilichozuiwa kelele. Mgonjwa huvaa spika za masikioni na kuashiria kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu. Kila sikio hupimwa peke yake. Kisha huwekwa kifaa kinachotetemesha mfupa nyuma ya sikio, ili ijulikane kama kikwazo kiko katika sikio la kati au la ndani. Kwa kawaida hupimwa pia mwendo wa kiwambo kwa mgandamizo wa hewa, na uwezo wa kutambua maneno. Anayepima kwa kunong'ona au kupiga makofi nyuma ya mgonjwa, kisha akataja bei, hajapima.

Nne, hueleza matokeo na kutoa nakala. Chati ya usikivu, yaani odiogramu, ni mali ya taarifa za mgonjwa kama ilivyo picha ya eksirei. Mgonjwa aondoke na nakala yake. Akiwa nayo anaweza kupata maoni ya mtaalamu mwingine, na miaka miwili baadaye itamwonyesha kama usikivu umeshuka au umebaki palepale.

Tano, hurekebisha kifaa kwa vipimo vya mgonjwa huyo. Vifaa vya siku hizi huwekwa sawa kwa kompyuta kwa kufuata odiogramu. Mahali penye vifaa kamili, mtaalamu huweka mrija mwembamba sikioni na kupima sauti inayofika kwenye kiwambo kifaa kikiwa kimevaliwa. Kifaa kilichotolewa kwenye boksi na kuvalishwa papo hapo bila marekebisho ni sawa na miwani iliyonunuliwa kwa kuangalia fremu pekee.

Sita, hupanga siku ya kurudi. Ubongo uliokaa miaka mingi bila sauti fulani unahitaji wiki kadhaa kuizoea tena. Mwanzoni sauti ya sufuria, mlango na hata ya mvaaji mwenyewe huonekana kali. Mtaalamu anayefaa humwonya mgonjwa mapema, humpa ratiba ya kuongeza saa za kuvaa siku hadi siku, na humwita tena kwa marekebisho. Vifaa vingi vinavyoishia kabatini vimeishia humo kwa kukosa hatua hii ya mwisho.

Mfano wa kujifunzia: chati ya fundi seremala

Tuchukue mfano wa fundi wa fanicha wa Keko, mwenye umri wa miaka 54, aliyetumia msumeno wa umeme kwa miaka 25 bila kuziba masikio. Anasema: «Nasikia watu wakizungumza, ila siwaelewi.» Odiogramu ya sikio lake lililo bora zaidi inaonyesha hivi:

Mlio wa hezi 500: desibeli 15
Mlio wa hezi 1,000: desibeli 20
Mlio wa hezi 2,000: desibeli 35
Mlio wa hezi 4,000: desibeli 60
Mlio wa hezi 8,000: desibeli 45

Hezi huonyesha mlio ni mzito au mwembamba. Namba ikipanda, mlio huwa mwembamba zaidi. Desibeli huonyesha sauti inapaswa kuwa kubwa kiasi gani ndipo mtu aisikie. Katika viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida. 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. 50 hadi chini ya 65 umezidi wastani. 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Na kuanzia 80 ni mkubwa mno, mpaka kutosikia kabisa.

Kiwango hupatikana kwa kujumlisha namba za hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000, kisha kugawanya kwa nne. Kwa fundi huyu, 15 na 20 na 35 na 60 ni 130. Gawanya kwa nne, jibu ni 32.5. Kwa wastani, basi, ana upungufu mdogo. Lakini wastani unaficha jambo. Sauti nzito, ambazo hubeba irabu, anazisikia vizuri. Sauti nyembamba, ambazo hubeba konsonanti kama s, sh na f, zimedidimia. Ndiyo maana «fika», «pika» na «shika» humfikia kama neno moja, hasa karakana inapokuwa na kelele. Bonde lililo kwenye hezi 4,000, likifuatiwa na nafuu kidogo kwenye hezi 8,000, ni alama inayojulikana ya madhara ya kelele.

Iwapo fundi huyu atauziwa kikuza sauti cha kawaida, cha aina inayouzwa madukani na mitandaoni, kitaongeza kila sauti kwa pamoja. Msumeno utamuumiza, ngurumo za magari ya Barabara ya Nyerere zitamchosha, na «shika» itabaki haieleweki. Atakivua baada ya siku tatu na kusema vifaa havifai. Mtaalamu wa usikivu atakayesoma chati yake ataongeza sauti nyembamba, ataacha nzito kama zilivyo, na ataweka kikomo ili sauti kubwa isimdhuru. Pia atamweleza jambo ambalo muuzaji hawezi kupata faida kwalo: avae vizibo vya masikio kazini kuanzia leo, kwa kuwa kilichopotea kwa kelele hakirudi.

Kiwango kinachotumika sana katika usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa kipimo hicho, penye desibeli 94 saa moja inatosha kuujaza mgawo wa siku nzima, na msumeno wa umeme huweza kuvuka kiwango hicho. Mwenye kiwanda au karakana anawajibika chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Mfanyakazi aliyeajiriwa ambaye usikivu wake umeharibiwa na kazi aulizie pia utaratibu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na nakala ya odiogramu itakuwa ushahidi wake wa kwanza.

Mtoto hasubiri

Kwa mtoto, kila mwezi una thamani. Lugha hujengwa kwa kusikia au kwa kuona ishara, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye rutuba kubwa zaidi. Utaratibu unaokubalika kimataifa ni mtoto kuchunguzwa usikivu ndani ya mwezi mmoja tangu kuzaliwa, tatizo kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na msaada kuanza kabla ya miezi sita. Aliyepitwa na umri huo asikatiwe tamaa. Apelekwe mara tu shaka inapotokea.

Mzazi awe na shaka iwapo mtoto hashtuki kwa kelele, hageuki anapoitwa akiwa na miezi saba au minane, hana neno lolote la maana akikaribia mwaka na nusu, au ameacha kutamka maneno aliyokwisha kuyajua. Homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya utotoni, kuzaliwa njiti na rubela ya mama wakati wa ujauzito ni sababu za kumpima mtoto hata kama anaonekana mzima. Kauli kwamba «hata baba yake alichelewa kusema» imewagharimu watoto wengi miaka ya shule.

Mtoto mdogo hawezi kuashiria kila anaposikia mlio, kwa hiyo mtaalamu anayewahudumia watoto huwa na vipimo visivyohitaji jibu la mtoto: kimoja hupima mwangwi unaotolewa na koklea yenyewe, kingine hupima mwitikio wa neva mtoto akiwa amelala. Swali la kwanza la mzazi kwa mtoa huduma liwe: «Mnapimaje watoto wa umri huu?» Asiye na jibu la wazi aombwe kuandika rufaa.

Mtaalamu mwema pia humweleza mzazi njia zote zilizopo. Kifaa huwasaidia watoto wengi, upandikizaji huwafaa wachache, na Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili inayompa mtoto elimu na marafiki. Shule ya viziwi ya Buguruni imehudumia familia za jiji hili kwa miongo mingi, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kupata ushauri kutoka kwa watu wanaoyaishi mambo hayo. Mtaalamu anayedharau lugha ya alama anamfungia mtoto mlango mmoja kabla ya kujua kama ule mwingine utafunguka.

Gharama na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Bei ya kifaa hutofautiana sana, na kifaa ghali zaidi si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Mkazi aulize maswali haya, na majibu ayapate kwa maandishi:

1. Bei hii inajumuisha nini: kipimo, umbo la sikio linalofinyangwa, marekebisho na mahudhurio mangapi?
2. Dhamana ni ya muda gani, na kifaa kikiharibika kinatengenezwa hapa nchini au kinapelekwa nje?
3. Naweza kukijaribu kwa siku ngapi kabla ya uamuzi wa mwisho?
4. Betri ni za aina gani, zinapatikana wapi, na moja hudumu siku ngapi? Iwapo kifaa huchajiwa, kitakaa saa ngapi umeme ukikatika?
5. Unyevu na jasho la Dar es Salaam vinadhibitiwaje? Je, kuna chombo cha kukaushia kifaa usiku?
6. Kwa mtoto, umbo la sikio litabadilishwa mara ngapi kadiri anavyokua, na kwa bei gani?
7. Kwa nini kifaa kimoja na si viwili, au viwili na si kimoja?

Mwenye bima, iwe ya NHIF au ya kampuni binafsi, aulize kabla ya kipimo ni huduma zipi zinalipiwa, kwa kuwa kumwona daktari, kupimwa na kupewa kifaa ni mambo matatu tofauti. Katika vituo vya umma malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali na risiti hutolewa. Mtu asimpe mtumishi fedha mkononi. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wamo katika makundi ya msamaha wa matibabu kwenye vituo vya umma. Mzee aende na kitambulisho chake, au apate barua kupitia Serikali ya Mtaa, na akikwama aombe kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali. Msamaha wa matibabu si ahadi ya kifaa cha bure, lakini huondoa mzigo wa kumwona daktari.

Jambo la kuwakumbusha wanaowahudumia wazee: mzee asiyesikia hujitenga. Huacha kwenda msibani na harusini, hutikisa kichwa bila kuelewa, na wengine humdhania amechanganyikiwa. Anapopelekwa kupimwa, aandamane na ndugu anayekaa naye, na mtaalamu azungumze na mzee mwenyewe kwa kumtazama usoni. Anayemzungumzia mzee na mwanawe tu, kana kwamba mzee hayupo, bado hajaanza kumhudumia.

Mambo ya kuepuka

Pamba za vijiti, njiti za kiberiti na unyoya wa kuku husukuma nta ndani na huweza kutoboa kiwambo. Mafuta ya moto huunguza. Sikio linalotoka usaha lisiingizwe maji wala dawa isiyoandikwa na mhudumu wa afya. Kifaa cha marehemu au cha jirani kisivaliwe kabla ya mtaalamu kukikagua na kukirekebisha upya, kwa kuwa kilipangwa kwa sikio la mtu mwingine. Na yeyote anayeahidi kuponya uziwi wote kwa dawa moja, kwa mtu yeyote, bila kipimo, asipewe fedha.

Huduma ikiwa mbaya, mkazi aanze kwa uongozi wa kituo au sanduku la maoni, kisha aende ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa. Malalamiko dhidi ya mwenendo wa mtoa huduma aliyesajiliwa hupokelewa na baraza lake la kitaaluma. Risiti na nakala ya vipimo ndivyo vitakavyoyapa malalamiko nguvu.

Siku ya kwenda kliniki

Mgonjwa abebe barua ya rufaa, kitambulisho au kadi ya bima, dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, kadi ya kliniki ikiwa ni mtoto, na karatasi yenye maswali aliyoyaandika nyumbani. Aliyefanya kazi penye kelele siku hiyo au usiku uliotangulia aseme, kwa sababu kelele hushusha usikivu kwa muda na hupotosha kipimo.

Maswali ya kujadiliwa nyumbani na katika mikutano ya mtaa

1. Kwa nini watu wawili wenye wastani sawa wa usikivu wanaweza kuhitaji vifaa vilivyopangwa tofauti?
2. Katika mtaa wenu, ni kazi gani zenye kelele kubwa, na wafanyakazi wake wanajikingaje?
3. Mtoto wa miaka miwili hajaanza kusema na jamaa wanashauri asubiriwe. Familia ifanye nini wiki hii?
4. Muuzaji ametoa punguzo la bei leo tu, lakini hatoi nakala ya kipimo. Mkazi amjibu nini?